Chambo cha uvundo: shida si harufu, shida ni maji

Swali la msomaji: "Kaka, salaam. Niko Des Moines, Iowa, na familia yangu tangu tulipotoka kambi ya Nyarugusu. Kule nyumbani nilijua kuvua kambale kwa minyoo na matumbo ya kuku. Hapa jirani yetu Mmarekani akaniambia kambale wao anayeitwa channel catfish hapendi kitu chochote kuliko chambo cha uvundo, nikanunua kopo dukani. Nimekitumia mwezi wote wa tano, mtoni na ziwani. Kinamomonyoka kabla hakijafika chini, gari linanuka, na mwanangu aliyetega mnyoo pembeni yangu ndiye anayepata samaki. Mume wangu anasema kopo halijaoza vya kutosha, nilianike juani wiki mbili. Ni kweli? Na nikiwapata hao samaki kwa uchafu ule, nyama yao haitanuka?"

Dada yangu, usilianike hilo kopo juani. Limeshaoza kiwandani kadiri linavyotakiwa kuoza. Jua la Iowa litakuongezea balaa tu: mafuta yatajitenga na kuelea juu, na uji utakaobaki chini utakuwa mwepesi kuliko huu unaokumomonyokea sasa. Uvundo unao wa kutosha. Ulichokosa ni joto la maji, mkondo wa kukibeba chambo, na ndoana inayoweza kukishika. Nianze na harufu yenyewe, maana ndipo wengi wanapopotea, na wenyeji wa hapa nao wamo.

Unapofungua kopo, kinachokupiga puani ni gesi: amonia, vitu vya jamii ya salfa, asidi ya jibini iliyochacha. Vinaruka hewani na kukukimbiza. Samaki yuko ndani ya maji, hewa hiyo haimfikii. Kinachomfikia ni kile kinachoyeyuka, na katika vinavyoyeyuka, kinachomwita zaidi ni amino asidi, yaani vile vipande vidogo vinavyojenga protini. Mtafiti John Caprio, aliyefundisha miaka mingi katika Louisiana State University, alichapisha mwaka 1975 matokeo yaliyoonyesha kwamba neva za ladha za samaki huyu huitikia amino asidi hata zikiwa zimezimuliwa kwenye maji kiasi cha kutoonekana kwa kipimo cha kawaida. Alanini na arginini ni kati ya zile zinazomsisimua zaidi. Na hivyo vionjo vya ladha haviko mdomoni peke yake. Viko kwenye sharubu zake zote nane, nne chini ya kidevu, mbili kwenye pembe za mdomo, mbili karibu na matundu ya pua, kisha vimetapakaa mwilini kote mpaka mkiani. Huyu samaki ngozi yake yote ni ulimi.

Sasa utaelewa kwa nini jibini lililochacha na maini ya kuku yaliyovunda hufanya kazi. Protini nzima ni kubwa na nzito, haiyeyuki kirahisi. Bakteria wanapoivunja, inabaki ile amino asidi huru inayokwenda na maji mara moja. Kuoza kunasaidia kwa sababu hiyo tu. Uvundo ni moshi wa kazi hiyo, na pua yako haiwezi kukuambia kama kazi imefanyika vizuri. Nimeona makopo yanayofukuza watu kwenye gati yasiyomgusa samaki hata mmoja, na nimeona jibini lenye harufu ya kuvumilika likimaliza jioni nzima bila kupumzisha fimbo. Mnyoo wa mwanao nao unavuja hizohizo amino asidi, tena ukiwa mzima na mbichi. Ndiyo maana alikupita.

Lakini alikupita zaidi kwa sababu ya kalenda. Mwezi wa tano hapa Iowa maji ya mto mara nyingi hayajafika nyuzi 70 za Fahrenheit, yaani 21 za Selsiasi. Chini ya hapo chambo cha uvundo kinalala. Mafuta ya jibini yanaganda, uji unashikamana, vitu vinatoka polepole, na samaki mwenyewe tumbo lake linafanya kazi taratibu. Katika baridi ya namna hiyo mpe mnyoo, au kipande cha samaki. Barafu inapoyeyuka tu mwezi wa tatu, kambale hawa hula samaki wadogo waliokufa wakati wa baridi, wale wanaoitwa shad, na kipande cha shad aliyeanza kulegea ndicho chambo bora cha wiki zile kuliko kopo lolote la dukani. Kopo lako ni la kiangazi. Maji yakipita nyuzi 70, litoe. Yakifika 80, litakuwa moto.

Katikati kuna kipindi kimoja cha kuvumilia. Maji yakikaribia nyuzi 75, kwa huku kwetu ni mwezi wa sita hadi wa saba mwanzoni, wanataga. Dume hutafuta tundu, chini ya gogo au kwenye ukingo uliolika, jike akiweka mayai dume analinda na kuyapepea kwa mapezi mpaka yaanguliwe, wiki moja au zaidi kidogo. Siku hizo dume hatoki kwenda kutafuta chakula. Ukiona wiki mbili mambo yamepoa ghafla ilhali hali ya hewa ni nzuri, usibadilishe chambo. Subiri. Wakimaliza wanatoka na njaa, na hapo ndipo mwezi wa saba na wa nane unapokuwa wako.

Kipimajoto cha kufunga kwenye kamba ni kitu cha bei ndogo. Nunua hicho kabla ya kununua kopo jingine.

Tuje kwenye kumomonyoka. Vyambo vya uvundo si kitu kimoja, na dukani vyote vimewekwa rafu moja kana kwamba ni ndugu. Kuna cha kuchovya, ambacho ni uji mzito: makopo ya Sonny's na Doc's ni ya aina hiyo. Kuna cha kusindilia, kizito zaidi, kimechanganywa na nyuzi ndogondogo zinazokishikilia: CJ's na Danny King's ni mifano yake. Halafu kuna madonge ya kufinyanga kwa vidole kama unga wa ugali uliokandwa, na vipande vigumu vya kuchoma kwenye ndoana. Kila kimoja kina ndoana yake. Cha kuchovya hakikai kwenye ndoana tupu hata ufanye nini, kinahitaji mnyoo wa plastiki wenye matuta au matundu, uliofungwa kwenye kipande kifupi cha mshipi na ndoana ya ncha tatu mkiani. Cha kusindilia kinatosha kwa ndoana ya ncha tatu peke yake, namba 4 au 6, na ile iliyozungushiwa springi ndogo kwenye shina inashika vizuri zaidi. Madonge yanataka springi pia. Nahisi wewe ulichovya ndoana ya kawaida ya ncha moja kwenye uji, ukatupa. Hakuna anayeweza kupata samaki hivyo.

Fanya hivi. Tafuta kijiti cha upana wa kidole, kiwe cha kazi hiyo tu. Kausha mnyoo wa plastiki kwa kitambaa, kwa sababu uji haushiki kwenye kitu kilicholowa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanatoa mnyoo majini ukiwa unachuruzika na kuuchovya hivyohivyo. Ulaze juu ya chambo, uukandamize kwa kijiti mpaka uzame wote, ncha tatu za ndoana zikiwemo. Ushikilie hapo kidogo, ukisukuma chambo kiingie kwenye yale matuta. Kisha vuta mshipi polepole kwenda juu, ukiuzungusha kidogo unapotoka. Utatoka na donge refu la ukubwa wa kidole gumba, laini pande zote, ncha za ndoana hazionekani. Ukiona plastiki inachungulia mahali, rudisha. Ining'inize hewani kwa sekunde kadhaa kabla ya kutupa, uso wa nje ukaze kidogo.

Na usitupe kwa nguvu. Ule mtupo wa kupiga fimbo kama mjeledi ndio unaobandua chambo angani, na unachosikia kikidondoka majini mbele ya ndoana ni pesa yako. Pitisha fimbo kutoka kando, kwa mzunguko mpana na wa pole, uache uzito wa chubwi uvute mshipi. Fimbo yenye ncha laini inasaidia sana hapo. Mita 15 au 20 zinakutosha mtoni, samaki hawa hawako katikati ya mto jinsi watu wanavyofikiri.

Upangaji wa mshipi ni rahisi. Mshipi mkuu wa nailoni wa nguvu ya ratili 12 hadi 17, chubwi lenye tundu katikati linaloteleza juu yake, kiungo cha chuma kinachozunguka ili mshipi usijisokote, kisha kipande cha inchi 12 hadi 18 kinachoishia kwenye mnyoo wa plastiki. Chubwi la wakia 1 kwa maji yaliyotulia, wakia 2 kwa mto wenye nguvu. Likiwa la mviringo litabingirika na kuzungusha chambo mpaka kichunike, kwa hiyo mtoni tafuta la bapa. Kuteleza kwa chubwi kuna maana yake: samaki akivuta, anavuta mshipi bila kuusikia uzito.

Haya yote bado ni maandalizi. Jambo lenyewe ni wapi chambo kinalala.

Harufu majini haiendi pande zote. Inakwenda inakokwenda maji, kwenye ukanda mwembamba unaopanuka taratibu kuelekea kule mto unakoshukia. Samaki aliye upande wa juu wa mkondo kuliko chambo chako, hata kwa mita mbili, anaweza kukaa pale mpaka jua lizame asijue kwamba upo. Aliye chini ya mkondo ataonja, atageuka, ataufuata ule ukanda mpaka akifikie chambo. Kwa hiyo swali la kwanza ukifika mtoni si "kuna kina wapi?" bali "samaki amelala wapi, na mimi nitakaaje juu yake?"

Mchana wa kiangazi kambale hawa hulala kwenye magogo na matawi yaliyonasa mtoni, hasa pale ambapo maji yamechimba shimo mbele ya rundo hilo. Mto Des Moines umejaa sehemu za namna hiyo, kila mahali mto unapopinda. Kaa upande wa juu. Tupa chambo kitue chini mita moja au mbili kabla ya rundo, kwenye maji yanayotiririka kuingia kwenye magogo. Usikitupe ndani ya magogo, utapoteza vyote. Kisha hesabu dakika 15, zikizidi sana 20. Kwa muda huo mkondo umeshafikisha habari kwa kila aliyemo. Kama hakuna aliyegusa, aidha hayumo au hali, na uvundo zaidi hautambadilisha. Toa, chovya upya, nenda rundo linalofuata. Wanaovua vizuri kwa chambo hiki hutembea sana. Kukaa sehemu moja na kiti, jokofu dogo na redio ni mapumziko mema, lakini kwa uvuvi huu hakulipi.

Kukiwa na mvua na mto umeanza kupanda, sogea kingo. Maji yanafagia minyoo na wadudu kutoka kwenye nyasi, na samaki wanafuata chakula hadi kwenye maji yanayokufika magotini. Ukianza kushuka, wanarudi kwenye mashimo. Usiku nao wanatoka magogoni na kupanda kwenye mchanga na maji mafupi kuwinda, kwa hiyo saa ile ya kwanza baada ya giza usiogope kutupa karibu.

Watu wengi wa kwetu wanapenda kuvua chini ya vile vizuizi vya zege vilivyokatiza mto mjini. Samaki wapo kweli, wanakwamishwa na ukuta. Lakini naomba uniahidi, wewe na mwanao, kwamba mtavua kutoka ukingoni, mbali na ukuta, na hakuna atakayeingia majini. Maji yanayoanguka pale yanajizungusha chini ya ukuta na kurudi nyuma. Mtu akinaswa, anazungushwa humo hata kama anajua kuogelea na hata kama amevaa jaketi la kuokolea. Kwa macho panaonekana pametulia, na ndiyo hatari yake. Ndoana ikinasa pale, kata mshipi.

Ziwani hesabu inabadilika, na hapa uzoefu wako wa kambale wa nyumbani unakudanganya. Kambale wetu ana kiungo cha kupumulia hewa. Anaweza kukaa kwenye tope lisilo na oksijeni, akapanda kuvuta hewa na kushuka. Huyu wa hapa, Ictalurus punctatus, ni ukoo mwingine kabisa, anategemea mashavu yake tu. Kiangazi maziwa mengi ya Iowa hugawanyika matabaka mawili: la juu lenye joto na oksijeni, la chini lenye baridi ambalo oksijeni yake imekwisha. Mpaka wake mara nyingi uko kwenye kina cha futi kama 10, ziwa na ziwa lina lake. Ukitupa chambo kwenye kina cha futi 25 ukidhani samaki mkubwa yuko chini, umekitupa mahali ambapo samaki huyu hawezi kukaa. Mwezi wa saba na wa nane, vua futi 4 hadi 8.

Na kwa kuwa ziwani hakuna mkondo wa mto, utafute mkondo wa upepo. Upepo ukivuma siku nzima kuelekea ukingo mmoja, unasukuma maji ya juu na chakula upande huo, na maji yanayorudi chini yanasambaza harufu. Simama kwenye ukingo unaopigwa na upepo, ingawa ndiko kunakochosha. Rasi, mawe ya kuzuia mmomonyoko karibu na ukuta wa bwawa, na mahali kijito kinapoingilia ni sehemu nzuri. Saylorville, hapo juu yenu kidogo, ni mto uliozuiliwa, na sehemu yake ya juu ambapo Mto Des Moines unaingia hufanya kazi kama mto kuliko kama ziwa. Anzia huko.

Kuuma kwake utakutambua. Kwanza ncha ya fimbo inatetema kidogo: tik, tik, halafu kimya. Huyo anaonja kwa sharubu, au ni mdogo anayenyofoa uji. Mkono wako utataka kuvuta. Uzuie. Chambo hiki ni laini, ukivuta mapema unamnyang'anya na kutawanya kilichobaki. Kisha ama mshipi utalegea ghafla, kwa kuwa amekichukua na anakuja kwako, au ncha itainama na isirudi. Hapo inua fimbo kwa uthabiti, bila kurusha, na anza kuzungusha rili. Usimpe nafasi ya kurudi magogoni.

Akifika mkononi, kumbuka ana miiba mitatu. Kambale wa nyumbani ana miwili tu, kwenye mapezi ya mbavuni. Huyu anaongeza mmoja mgongoni, mbele ya pezi la juu, na yote anaweza kuisimamisha ikakaza kabisa. Ina ute wenye sumu kidogo, na wale wadogo ndio wakali zaidi kwa sababu ncha zao bado hazijasagika. Mshike kutokea nyuma: kiganja tumboni, kidole gumba nyuma ya mwiba wa upande mmoja, kidole cha shahada nyuma ya ule wa pili, mwiba wa mgongoni ukiwa mbele ya mkono wako. Mwiba ukikuingia, osha, kisha chovya mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, maumivu yatapungua. Ukivimba sana au wekundu ukipanda, nenda hospitali. Beba koleo lenye midomo mirefu pia, kwani ndoana ya ncha tatu mara nyingi inamezwa ndani. Kama unarudisha wadogo majini, bonyeza vijino vya ndoana kwa koleo hilo kabla hujaanza kuvua. Utatoa ndoana bila kuchana koo.

Usitarajie majitu kwa chambo hiki. Rekodi ya dunia ya samaki huyu ni ratili 58, karibu kilo 26, aliyevuliwa mwaka 1964 Santee-Cooper, South Carolina, ila kwa kopo lako utapata wa ratili 1 hadi 4 au 5. Wakubwa wanageukia kula samaki, na ukiwataka hao, tia kipande cha samaki mbichi. Yule mwenye kichwa bapa na taya la chini lililochomoza, flathead, anataka samaki aliye hai na hatagusa jibini lako. Mimi sioni hasara. Kwa kula, ratili 2 ndiyo saizi tamu.

Nalo swali la nyama ndilo lililonifurahisha, kwa kuwa watu hulikwepa kuuliza. Hapana, chambo hakinukishi nyama. Kinaingia tumboni na kutoka na matumbo unapomsafisha, na mara nyingi hakifiki hata tumboni. Ile ladha ya tope inayowakera watu ina chanzo kingine: kemikali mbili, geosmini na methilisoborneoli, zinazotengenezwa na aina fulani za mwani na bakteria majini. Samaki huzinyonya kupitia mashavu na kuzihifadhi kwenye mafuta. Kwa hiyo dawa yake iko kwenye kisu. Mchune ngozi yote: mkate kuzunguka shingo nyuma ya miiba, ishike ngozi kwa koleo na uivute kuelekea mkiani, inatoka yote pamoja. Kisha ukipata mnofu, utaona mstari mwekundu mweusi unaopita ubavuni katikati. Huo ukate wote na uutupe, pamoja na mafuta ya njano ya tumboni. Mnofu uliobaki uwe mweupe au wa waridi hafifu. Uloweke kwenye maji ya chumvi na limau nusu saa, ukaange au uupike kwa nazi. Kupunguza mafuta kuna faida nyingine, maana kemikali nyingi za viwandani zinazoingia mitoni hukaa humohumo, na jimbo hutoa ushauri wa mara ngapi kula samaki kutoka sehemu fulani za maji. Usome kwa ajili ya watoto, na hasa kama kuna mjamzito nyumbani.

Kwa Waislamu wanaosoma: baadhi ya makopo yana damu, na yanasema hivyo kwenye lebo. Anayejiepusha nayo achague ya jibini, wala hatapungukiwa na samaki. Kwa Wasabato, huyu hana magamba kama kambale wa kwetu, hukumu yake mnaijua.

Ukitaka kujitengenezea chambo, jibini la bei rahisi lililopitwa na tarehe, maini ya kuku yaliyosagwa na unga wa ngano vinatosha. Saga pamoja mpaka iwe kama siagi ya karanga, acha kwenye ndoo kivulini siku kadhaa, ongeza unga mpaka ishike kijiti. Usikaze kifuniko. Gesi inajikusanya ndani, na ndoo iliyokazwa hupasuka, tena hupasuka gereji ikiwa imefungwa na watu wamelala. Kwa kopo la dukani, siku ya joto liweke kwenye jokofu dogo lenye barafu, mbali na chakula. Likiwa jepesi, kiganja cha unga wa shayiri kitalirudisha. Na ili gari lisinuke: kopo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mfuko ndani ya ndoo yenye kifuniko, ndoo nyuma. Glovu za mpira mkononi. Kitambaa ulichopangusia kitupe hukohuko kwenye pipa la taka, usikirudishe nyumbani.

Kuhusu leseni, kwa kuwa unakwenda na mwanao: Iowa mkazi wa miaka 16 na kuendelea lazima awe nayo, chini ya hapo hahitaji. Kila mmoja anaruhusiwa mishipi miwili. Idadi ya kambale kwa siku ni 8 ziwani na 15 kwenye mito ya ndani, Mississippi ina utaratibu wake. Kanuni huchapishwa upya kila mwaka na zinapatikana bure, chukua kijitabu cha mwaka huu unapokata leseni, na mwanao mwenye kusoma Kiingereza vizuri akusomee sehemu ya kambale kabla hamjatoka.

Kopo ulilonalo bado ni zima. Koroga mafuta yaliyoelea yarudi ndani, liweke kivulini, nunua minyoo miwili ya plastiki na kipimajoto. Wiki hizi vueni wote kwa mnyoo wa ardhini. Maji yakisoma 70 asubuhi, siku tatu mfululizo, lifungue.